Kisanduku Kilichoitika

Jibu lilitangulia, wito ukafuata. Fundi wa mtandao wa hospitali, mwembamba hadi wenzake wakambandika jina la Kijiti, aliliona hilo asubuhi kwenye kompyuta yake, akafikicha macho, akadhani saa ya mashine imekosea. Nimesimulia majini ya visimani na ya vyooni na bado sijampata wa kunipiku, lakini hili la Kijiti lilinilaza taa ikiwaka mwezi mzima.

Kazi yake ilikuwa kulinda vifaa vinavyounganisha mashine za wodini. Vile vipya havikumpa taabu. Vyenyewe vilituma taarifa, joto langu hivi, mzigo wangu hivi, kama mgonjwa mwenye mdomo. Tatizo lilikuwa kisanduku kimoja kikuukuu chini ya ngazi. Kilikuwa bubu, hakikujua lugha ambayo wenzake walijielezea. Basi Kijiti akabuni ujanja: kompyuta ikiite kwa namba yake mchana kutwa, na kikiitika tu, nukta ya kijani iwake. Nani ameitika, na ana hali gani, hakuuliza. Akajigamba kwa wakubwa kwamba amemsemesha bubu, wakampigia makofi.

Kengele ya vitanda vya joto vya watoto njiti, waliozaliwa kabla ya siku zao, ilipita kwenye kisanduku hichohicho. Na katika kitanda cha dirishani alilala mwanawe wa kwanza, mdogo wa kuenea kiganjani. Wenzake walitania kwamba Kijiti amezaa njiti, wakaacha walipomwona uso.

Mchana wa siku hiyohiyo mama mkwe wake alikuja kumwona mjukuu. Mama huyo alikuwa akipunga majini tangu ujanani, jambo ambalo Kijiti aliwaficha wafanyakazi wenzake kama mtu anavyoficha soksi iliyotoboka. Alipopita penye ngazi alisimama, akanusa, akamvuta mkwewe pembeni.

“Mwanangu, humu chini anakaa nani?”

“Hakuna mtu, mama. Kisanduku tu.”

“Kisanduku hakijipaki marashi.”

Kijiti akacheka kwa adabu, akafungua mlango mdogo wa chini ya ngazi. Harufu ya waridi na nywele zilizoungua ikampiga usoni. Kisanduku kilikuwa baridi, taa zake zote zimezima, waya wa umeme umetafunwa na panya. Akatazama simu yake, iliyoonyesha yale ya kompyuta: nukta ya kijani bado inawaka. Akakiita kwa mkono wake mwenyewe, na kabla hajamaliza kubonyeza namba jibu likaingia, na pale pembeni, gizani, kitu kikavuta pumzi.

Akapanda ngazi mbio, akili ikimwambia kile ambacho miguu ilikwisha kukijua, kwamba kama kisanduku kimekufa basi kengele haifiki popote, na kama kengele haifiki basi muuguzi ameketi mezani kwake kwa amani ilhali kitanda chochote mle ndani kinaweza kuwa kimepoa, akausukuma mlango wa wodi, akapita vitanda vya watoto wengine bila kuviona, akaweka mkono juu ya kioo cha kitanda cha dirishani, na kioo kilikuwa baridi kama bati la alfajiri.

Mtoto alikuwa wa kijivu midomoni. Mkewe Kijiti, aliyekuwa amesinzia kitini kando, akazinduka, akamtoa, akambandika kifuani ngozi kwa ngozi, muuguzi akawafunika mablanketi. Wakamsugua mgongo mpaka ilipotoka sauti ndogo kama ya paka.

Ndipo Kijiti akamweleza mama mkwe kila kitu, pamoja na ule ujanja wake.

“Unaita bila kuuliza anayeitika ni nani?” mama akanong’ona. “Hata mlangoni watu huuliza. Umemkaribisha mwenyewe, mwanangu, kutwa nzima.”

“Sasa nifanye nini?”

“Acha kuita.”

Akaifuta namba. Akaking’oa kisanduku, mama akafukiza chini ya ngazi huku akinena maneno ambayo hata mimi, pamoja na ubingwa wangu, sithubutu kuyaandika. Harufu ikaisha. Kikafungwa kisanduku kipya chenye mdomo wake, kengele ikajaribiwa, ikalia. Kitanda cha dirishani nacho kikatengenezwa, lakini mkewe alikataa kumrudisha mtoto. Alisema kifua chake hakitegemei umeme.

Jioni Kijiti aliketi mbele ya kompyuta, taarifa zikimiminika. Akaona wito ambao si wake. Ulitoka kwenye ile namba aliyoifuta. Uliita mashine ya maabara, ukapita. Ukaita kitanda cha mlangoni, ukapita. Ukaita kinachofuata, na kinachofuata, taratibu, kama mtu anayefunua shuka moja moja. Vifaa vipya vina heshima mno, akiviita yeyote vinaitika. Ulipofika kitanda cha dirishani, ukatulia.

“Mtoto yuko wapi?” mama mkwe akauliza nyuma ya bega lake.

“Kifuani kwa mama yake. Nimetoka kuwaona sasa hivi.”

Kitanda kile kitupu kikatuma taarifa yake. Mtoto yumo. Joto linatosha. Uzito umeongezeka.

Kisha ikaja taarifa nyingine, na nyingine tena, na katika kila moja uzito ulikuwa umeongezeka.