Kukata Ila

Pikapu nyeupe ilijisogeza yenyewe hadi katikati ya uwanja, ikatulia, kisha ikasalimia. “Shikamooni mliokuja,” ilisema kwa sauti ya mtu mzima aliyelala vizuri. “Mimi ni pikapu ya milango miwili. Nimetembea kilomita laki tatu na elfu arobaini. Niulizeni.”

Watu wakasogea. Katika Mbeya ya siku hizo hakuna aliyenunua gari kwa kupiga teke tairi na kujifanya anajua. Gari liliulizwa, nalo likajibu. Ndani ya kila gari alikaa shahidi, kisanduku kisichozidi kipande cha sabuni ya kufulia, chenye nyuzi nyembamba zilizotambaa hadi kwenye kila boliti. Nyuzi hizo zilihisi joto, mtikisiko na uchakavu wa kila chuma, na shahidi hakusahau kitu. Sheria ilisema gari lililotumika haliuzwi mpaka shahidi wake aulizwe maswali kumi na sita mbele ya mnunuzi, na majibu yaandikwe kwenye hati. Mambo ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia yalikuwa yamekwisha, au ndivyo watu walivyoambiwa.

Pembeni alisimama mwulizaji, mashine nyembamba ya mguu mmoja iliyokuwa mali ya yadi. Kazi yake ilikuwa hiyo moja tu, kuuliza.

“Habari za breki?”

“Nzuri.”

“Habari za usukani?”

“Nzuri.”

“Habari za betri?”

“Nzuri.”

Maswali kumi na sita yakaisha kabla mtu hajapiga chafya mbili. Hati ikatoka na nzuri zake kumi na sita, watu wakapiga makofi.

Mhandisi Asajile alipiga makofi kuliko wote. Na kwa nini asipige? Sauti ile ilikuwa kazi ya mikono yake. Miaka arobaini nyuma, mashahidi wa kwanza walikuwa na midomo michafu. Ulikuwa hujakaa vizuri kitini, gari linakwambia, “Breki hizi zitakuua.” Watu hawakuvumilia. Wengine walisema gari limerogwa, wengine wakawang’oa mashahidi kwa nyundo. Asajile, kijana wakati huo, akasema tatizo si ukweli, tatizo ni adabu. Akazunguka Rungwe nzima akirekodi wazee mia sita wakisalimiana, akarudi kuwafundisha mashahidi kusema kama watu.

Na watu husemaje? Kwao, kama kwetu wengi, mtu hatupiwi msiba mlangoni. Ukimuuliza mwenzako habari za nyumbani, atakujibu nzuri hata kama nyumba imeungua. Unamkaribisha, anakaa, anapumua, unasema “ehee”, ndipo anakwambia: nzuri, ila nyumba imeungua. Shahidi alifundishwa hivyohivyo. Ajibu nzuri, anyamaze pumzi tatu, angoje “ehee” ya msikilizaji, kisha aendelee na ila yake. Akikatizwa kwa swali jingine, afuate swali, maana mwenye adabu hashindani na anayemuuliza. Nchi nzima iliwapenda mashahidi wapya. Asajile akavishwa nishani, na nishani yenyewe aliivaa mpaka sokoni, Mungu amsamehe.

Siku hiyo alikuja kutafuta pikapu ya kubadilishana na kigari chake cha miaka kumi na tisa, ambacho kwenye vilima vya Tukuyu kilikuwa kinakata pumzi hata kikimbeba yeye peke yake. Lakini pikapu hakuitafuta kwa ajili yake mwenyewe. Ilikuwa ya binti yake, Subilaga, aliyefuga ng’ombe wa maziwa kule Isongole. Tangu mumewe, Lwitiko, afungwe, maziwa ya Subilaga yalifika mjini kwa kuomba lifti, na mara nyingi yalifika yameganda. Tena mteremko wa kwao si wa mchezo. Mke wa Asajile, Tusekile, alikufa hapo miaka minne iliyopita, ndani ya pikapu iliyoendeshwa na huyohuyo Lwitiko. Kwa hiyo mzee hakuja kutafuta gari zuri. Alikuja kutafuta breki.

Lwitiko aliiambia mahakama kwamba breki zilikataa. Wakaletewa shahidi aliyechomolewa kwenye mabaki ya gari, naye alipoulizwa habari za breki za siku ile akajibu nzuri, likafuata swali la pili. Ndipo Asajile akaitwa aeleze kama shahidi anaweza kudanganya. Alisimama na nishani kifuani, macho yamevimba kwa kilio, hasira yake ikitafuta pa kushukia.

“Mheshimiwa,” alisema, “chuma hakina mkwe.”

Lwitiko akafungua mdomo, “Ila, baba...” akaambiwa anyamaze. Akapewa miaka tisa.

Tangu siku hiyo Subilaga alimsalimia baba yake kama mtu anavyomsalimia mwenyekiti wa mtaa: shikamoo, nzuri, karibu, basi. Jumapili iliyopita mzee alipokwenda kumpa habari za pikapu, aliuliza kwa wajibu tu, mume wako hajambo huko? Subilaga akajibu kwamba hajambo, ila... na mzee akawa ameshainuka kutafuta kofia yake. Hakupenda habari za Lwitiko zizidi neno moja.

Dalali wa yadi aliitwa Sanga, mtu wa tabasamu la kudumu. Aliisifu pikapu nyeupe mpaka povu likamtoka. Asajile akamwambia amzime mwulizaji, kwani yeye atauliza kwa mdomo wake, akamkumbusha kwa mara ya tatu ni nani aliyewafundisha mashahidi kusema. Sanga akacheka, akasema mashine ni haraka zaidi, akasema watu wengine wanangoja, akasema mzee atajichosha bure. Kwa mzee mkaidi hayo yote ni kuchochea moto. Asajile akapanda, akafunga mlango.

“Habari za breki, mwanangu?”

“Nzuri, baba.”

Angeendelea na usukani, yaishe. Lakini mkanda wa kiti ulikuwa umenasa, na alipokuwa anauvuta pumzi tatu zikapita, na mdomo wake ukasema wenyewe lile neno ulilozoea kuitikia nalo kwa miaka sabini.

“Ehee.”

“Ila za nyuma hazishiki kwenye mteremko nikiwa na mzigo,” ilisema pikapu kwa upole uleule. “Zikipata moto zinaachia kabisa. Mwenye gari wa pili zilimuua. Nilikuwa nangoja aniulize. Nisamehe, baba, kwa kukuchelewesha.”

Asajile akauachia mkanda. Akashuka, akampita Sanga. Alikwenda kwenye pikapu ya bluu, akauliza, akangoja, akaitikia ehee. Ya bluu ilikuwa nzuri, ila fremu yake ilipasuka ikapakwa rangi juu. Nyekundu ilikuwa nzuri, ila usukani wake huganda mvua ikinyesha. Alizunguka uwanja mzima hivyo, na kila gari lilikuwa na ila yake, yote yana adabu, yote yamengoja miaka kwa miaka mtu mmoja tu wa kusema ehee.

Sanga alimngoja kivulini. Hakuona hata aibu, na hilo ndilo lililomuuma mzee zaidi.

“Mzee, hii kazi ina jina,” alisema. “Tunaita kukata ila. Unauliza harakaharaka, shahidi hapati nafasi. Yadi zote zinakata. Hata mahakamani anayeuliza ni mwulizaji kama huyu wetu.” Akaitazama nishani ya mzee, akaongeza kwa moyo mweupe kabisa, “Na sisi tunakushukuru sana. Wale wa zamani, wenye midomo michafu, tungewauza vipi?”

Asajile aliuliza mashahidi wa kesi zilizokwisha hupelekwa wapi. Sanga akamjibu kwamba husagwa pamoja na chuma chakavu, miezi sita baada ya hukumu. Basi. Ila ya gari lililomuua Tusekile ilisagwa zamani. Ilibaki kinywani mwa Lwitiko tu, na kinywa hicho Asajile alikuwepo kilipofungwa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Katika mahakama nzima ile, na hakimu wake na karani wake, mtu mmoja tu ndiye aliyejua kwamba baada ya nzuri unangoja pumzi tatu. Mtu huyo alikuwa Asajile. Hakungoja. Hakungoja kwa sababu mkewe alikuwa amelala kaburini, naye alitaka mtu wa kumtwisha kifo chake, na mkwe alikuwa karibu. Alijichukia pale uwanjani, akaivua nishani, akaitia mfukoni pamoja na funguo.

Pikapu aliyoichagua ilikuwa ya kijani, imesukumwa nyuma kabisa karibu na ukuta ambako hakuna aliyejisumbua kwenda. Ilikuwa na ila kumi na moja, akazisikiliza zote. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba. Kioo hakikupanda. Kiti kilichanika, honi ilikuwa bubu, na sehemu ya mizigo ilinuka. “Ila mbuzi walikuwa wengi, baba,” ilijitetea. Alipofika kwenye breki ikajibu nzuri. Akasema ehee. Ikajibu, “Nzuri tu, baba. Hazina ila.” Aliuliza mara tatu, mara tatu ikajibu vilevile.

Kabla hajaondoka alikiendea kile kigari chake cha zamani, alichokuwa akikiacha pale yadi, akakiuliza habari yake. “Nzuri,” kilijibu, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa hakugeuza ufunguo. Alisema ehee. “Ila nimechoka, baba,” kikasema. Akakipapasa bodi, akageuka upesi.

Njia nzima hadi Isongole alipanga maneno. Jumatatu atakwenda mahakamani, ataiweka nishani mezani kwa hakimu, atasema mwenye kosa ni yeye. Kesi itafunguliwa upya hata bila shahidi yule, maana ataleta magari ya yadi nzima yasimame uani na yaulizwe polepole. Lwitiko atatoka. Siku atakayotoka, Asajile mwenyewe atampigia magoti, mkwe ni mkwe, hata ulimwengu useme nini. Pikapu ya kijani ilishuka ule mteremko kwa utulivu, breki zikishika kila alipokanyaga, na mzee akalia kidogo pale kwenye kona aliyofia Tusekile.

Alifika jua likiwa bado kali. Subilaga alitoka nje akiwa amejifunga khanga kiunoni. Majirani wawili walikaa mkekani kando ya jiko, na ndoo ya maziwa ilikuwa chini, wazi, nzi wakiizunguka. Asajile aliyaona hayo yote kwa macho bila kuyatazama.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Habari za hapa?”

“Nzuri.”

Mzee hakungoja hata kukaa. Alisimulia yote pale pale, mkono kwenye mlango wa kamba: pikapu nyeupe, mkanda ulionasa, maneno ya Sanga, mashahidi waliosagwa. Hakujificha. Alisema alijua na hakungoja. Subilaga alisikiliza akiwa ameinamisha uso.

“Kwa hiyo Lwitiko hakumuua mama,” alisema.

“Hakumuua.”

“Nilikwambia, baba. Miaka minne nilikwambia.”

“Uliniambia, mwanangu.”

Akaanza kumweleza habari za Jumatatu, hakimu, magari uani, jinsi atakavyopiga magoti. Alisema sana. Binti yake hakumkatiza, maana alilelewa vizuri, na aliyemlea ndiye huyo. Mzee alipomaliza, Subilaga akainua uso.

“Baba, uliponiuliza habari za hapa, nilikujibu nini?”

“Nzuri.”

Subilaga akanyamaza. Pumzi ya kwanza ikapita, na ya pili. Asajile akawatazama wale wanawake wa mkekani, akaitazama ile khanga kiunoni na ile ndoo isiyofunikwa. Pumzi ya tatu ikapita. Alijua anachongojewa kukisema. Alikuwa radhi kufa kuliko kukisema, na alipokisema kilitoka kidogo mno.

“Ehee.”

“Ila Lwitiko amefariki. Ni kifua. Wametupigia simu asubuhi kutoka gerezani.” Sauti yake haikupanda wala kushuka. “Jumapili nilitaka kukwambia anaumwa, nikuombe twende wote. Ukachukua kofia.”

“Poleni sana,” ilisema pikapu nyuma yao, kwa ule upole iliofundishwa. Hakuna aliyeitikia.

Mmoja wa wale majirani alianza kulia taratibu. Subilaga aliizunguka pikapu, akashika kamba ya mlango, akachungulia sehemu ya mizigo, akapima urefu wake kwa macho.

“Breki za hili gari zinashika?”

“Zinashika.”

Subilaga akangoja. Alimkazia macho baba yake, akangoja mpaka akahakikisha kwamba sentensi imekwisha.

“Basi geuza,” alisema. “Tukamchukue.”