Sufuria Iliyojua Tulipo

Kila Jumatano baada ya mapumziko, darasa la sita lilikuwa na somo la sayansi. Siku hiyo kazi ilikuwa moja tu: chemsha maji, soma kipimajoto, andika. Msichana mmoja, aliyeitwa Kifutio kwa jinsi alivyopenda kufuta, alikuwa ameshafeli majaribio mawili. Akifeli la tatu, anatolewa kwenye klabu ya sayansi.

Maji yakatokota. Kifutio akachungulia. Tisini na nne. Akasubiri. Sufuria ikanguruma, mvuke ukamlowesha uso. Tisini na nne vilevile!

"We, huoni?" mwenzake wa dawati akamnong'oneza. "Kitabu kinasema mia."

"Njoo uone mwenyewe."

"Nione nini? Feli tena, shauri yako."

Kifutio akafuta, akaandika mia.

Mwalimu alipitia madaftari yote, kisha akaenda dirishani akaanza kuchungulia huku na huku.

"Mwalimu, unatafuta nini?"

"Bahari. Maji huchemka kwa mia kule chini, usawa wa bahari. Nyote mmeandika mia. Sasa imehamia huku lini, mbona sijasikia mawimbi?"

Darasa likaangua kicheko. Kifutio hakucheka. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi niliona tisini na nne. Nikafuta. Niliogopa kufeli."

Mwalimu hakumkaripia. "Huku juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, kwa hiyo yanawahi kuchemka kabla hayajawa moto sana. Kila nyuzijoto moja ikipungua, ujue tumepanda kama mita mia tatu. Haya, zimepungua ngapi?"

"Sita... Mita elfu moja na mia nane!"

Mwalimu akatoa kabatini kifaa cha duara kama saa, cha kupimia mwinuko. Mshale ulionyesha elfu moja, mia saba na tisini.

Kifutio aliikodolea macho ile sufuria iliyoungua kitako. Haina macho, haijatoka darasani, lakini imejua! Kumbe tangu azaliwe alikuwa akiruka kamba juu huko, karibu na mawingu, wala hana habari.

"Ndiyo maana maharage ya mama hayaivi upesi!"

"Msalimie, mwambie hana kosa. Haya, wote chemsheni upya."

"Na mimi klabu, Mwalimu?"

"Unabaki. Klabu isiyo na mtu wa kusema alichokiona ni ya nini?" Akamrudishia daftari. "Ila andika unachokiona, mwanangu. Kikiwa cha ajabu, tutatafuta sababu. Ukikifuta, tutabaki kutafuta bahari."