Asilimia Sita Mlimani

"Chungu kimefurika," redio ilisema. "Narudia, chungu kimefurika."

Ngisi alizungusha usukani kwa mkono mmoja. Gari jeupe likaimeza kona na kuendelea kupanda mlima, kimya, bila mlio zaidi ya ule wa matairi.

Chungu kimefurika. Maana yake ni moja tu. Gari la bluu limeibwa.

Na ndani ya gari la bluu alikuwemo Chiriku.

Chiriku tena! Hata wezi wakija, wanamchagua yeye.

"Ngisi, unanipata?" Sauti ya Mkuu.

"Nakupata."

"Teksi ametuuza. Amemfunga Chiriku mikono na kumtupa kiti cha nyuma. Ana bastola. Anaelekea machimbo ya kokoto, ng'ambo ya mlima. Kuna lori la kontena linamngoja."

"Kikosi?"

"Kimetoka, lakini hakitawahi. Uliye karibu ni wewe." Sauti ikalainika. "Niletee mwanangu."

Redio ikazimika.

Mwanangu! Tangu aingie kazini, Ngisi hajawahi kuitwa hivyo hata kwa bahati mbaya. Yeye jina lake ni "wewe".

Kazi yenyewe ilikuwa imeanza kwa upole. Kampuni moja ilikuwa imeunda gari jipya la umeme, la ukubwa wa kati, lililonyanyuka vizuri ili lisikwaruzwe na matuta. Lilikusudiwa watu wa kawaida: mama anayepeleka watoto shule, baba anayebeba magunia, shangazi anayekwenda kazini na kurudi. Kabla ya kuliingiza sokoni, madereva wa kawaida walipewa magari mawili wayajaribu na kusema ukweli. Ndipo Idara ya ujasusi iliponusa kwamba kuna wageni wanaotaka kisanduku cha betri, ile akili inayoutumia umeme kwa ubahili, wakivushe mpaka na kukinakili. Ngisi na Chiriku wakapandikizwa kati ya madereva.

Chiriku alipewa gari la bluu. Paa la kioo, viti vya ngozi. Akapewa bastola mpya aina ya Beretta na saa yenye kamera.

Ngisi alipewa jeupe. Nyuma kiti cha mtoto na mwanasesere aliyefungwa mkanda. Kwenye buti magunia ya mchanga.

"Wewe utajaribu maisha ya familia," Mkuu alimwambia.

Bluu lilichajiwa kwenye mashine kubwa, haraka. Jeupe lilichomekwa plagi ya ukutani, kama pasi.

Na nani alimfundisha Chiriku kuendesha gari? Nani alikaa naye uwanjani siku nzima akimwambia polepole, usiogope, klachi haiumi? Ngisi huyohuyo. Sasa mwanafunzi anakalia ngozi na mwalimu anambembeleza mwanasesere.

Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kila asubuhi alikuta kioo chake cha mbele kimefutwa, kinang'aa. Ni Chiriku, aliyefika mapema na kitambaa chake, akafuta cha kwake na cha jirani. Ngisi aliguna tu.

"Anajionyesha."

Kila gari lilionyesha kwenye skrini chaji yake na ya mwenzake. Ngisi alikuwa akiichungulia namba ya Chiriku wiki nzima, kama mtu anayechungulia sahani ya jirani. Ndiyo maana hakumtazama Teksi. Teksi, mmoja wa wale madereva wa majaribio, dereva mstaafu wa teksi, mcheshi, mgawa pipi, aliyewaita wote "mabosi zangu". Wivu wa Ngisi ulikuwa ukimwangalia mtu mwingine.

Akafika kileleni.

Skrini ikasema: Jeupe, sita. Bluu, tano.

Asilimia sita tu! Na bluu lilikuwa mbali kule chini, dogo kama kishikizo cha shati. Na mteremko ukimsaidia, tano zingemfikisha Teksi machimboni kwa shida, lakini zingemfikisha.

Hapo wazo baya likamjia Ngisi. Akipunguza mwendo kidogo, nani atamlaumu? Namba ni namba. Mkuu ajue basi kwamba kipenzi chake naye huteleza kama wengine.

Jua likapiga kioo cha mbele. Hakikuwa na vumbi hata chembe. Leo pia kilikuwa kimefutwa.

Ngisi akaona haya, peke yake, mlimani.

Akaanza kuteremka.

Mteremko ulikuwa mrefu, kona juu ya kona. Aliinua mguu, akaliacha gari ndani ya gia. Likajizuia lenyewe, kama mtu anayeshuka ngazi kwa adabu. Kwenye gari la umeme, kule kujizuia hugeuka chaji. Na magunia ya mchanga aliyoyalaani wiki nzima sasa yalisukuma gari chini, kila msukumo ukaingia kwenye betri.

Sita. Ikawa saba.

Akaitupia jicho namba ya bluu, kwa mazoea ya wivu.

Tano.

Kona nyingine. Tano.

Mbona haipandi? Gari ni lilelile, mlima ni uleule!

Ngisi akacheka kwa sauti.

"Ameweka fri!"

Kila dereva wa zamani ana ugonjwa huo. Akiuona mteremko tu, anatoa gia na kuliacha gari lijiteremkie bure. Teksi alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote. Sasa bluu lilikimbia mbele kwa kasi ya kutisha, breki zikinuka, na betri yake haikuvuna kitu.

"Kimbia, kaka," Ngisi alisema. "Kimbia tu."

Akafika chini akiwa na nane.

Bluu lilikuwa limeshaingia kwenye kipande cha mwisho, ule mwinuko wa machimbo. Namba yake ikaporomoka. Tatu. Mbili. Moja.

Kisha kwenye dashibodi ya bluu ikawaka taa ya manjano yenye umbo la kobe. Gari likaanza kutambaa. Likasimama.

Ngisi alikuja nyuma yake bila mlio.

Teksi alikuwa ameinama, anapiga dashibodi kwa kiganja, bastola mapajani. Chiriku alimwona Ngisi kwenye kioo cha pembeni. Hapohapo akaanza kupiga domo.

"Kaka Teksi, labda limeshikwa na kwikwi. Libembeleze. Liambie 'bosi wangu'."

"Nyamaza, wee mtoto!"

"Mimi nikinyamaza naumwa kichwa, kaka. Hebu jaribu kile kitufe. Hicho hapana, hicho ni cha redio."

Mlango ukafunguka. Mdomo wa bastola kuukuu ukamgusa Teksi shingoni. Mkono wa pili ukamnyang'anya ile ya mapajani.

"Shuka, kaka."

Teksi akashuka, macho yamemtoka.

"Lina nini gari hili? Lilikuwa na tano! Lingenifikisha!"

"Uliliweka fri mlimani."

"Nilikuwa naokoa mafuta!"

"Mafuta gani?"

Teksi akakaa chini barabarani kama gunia.

Juu machimboni ving'ora vililia. Redio mfukoni mwa Ngisi ikakoroma: kikosi kimelikamata lori, na wageni wote ndani yake.

Ngisi akamfungua Chiriku kamba. Viganja vilikuwa vimevimba. Akavisugua taratibu, bila kumtazama usoni.

"Chiriku!" Mkuu alipaza sauti redioni. "Umefanya kazi nzuri, mwanangu!"

Mwiba uleule kooni.

"Si mimi, Mkuu," Chiriku alisema. "Mimi nilibebwa kama mzigo. Ni Dada Ngisi."

Mkuu akabadilisha mada.

"Na gari, Ngisi? Watu wa kawaida wataliamini?"

"Jeupe ni zuri. Buti kubwa, halidanganyi chaji, na nyuma mtoto anakaa vizuri. Lakini wafundishwe kuteremka mlima."

"Na bluu?"

"Bluu sijui," Ngisi alisema. "Sikupewa."

Akazima redio, akawaachia askari wa kikosi waliofika Teksi na magari yote mawili. Akaiweka bastola kiunoni, akafunga vifungo vya koti na kuanza kutembea kuelekea barabara kuu, bila kugeuka.

Nyuma yake Chiriku alivua viatu na kukimbia kumfuata, akiita, "Dada! Dada, ningoje!"

Ngisi hakungoja. Akapunguza mwendo.

Kidogo tu.