Kabla ya Kuhamia Kambini

Kaporali Pontien Manirakiza alikuwa askari wa jeshi la taifa mjini Uvira. Mke wake aliitwa Capitoline. Wote wawili walizaliwa katika bonde la Ruzizi, karibu na Luberizi, katika familia za wakulima wa mpunga. Waliishi mtaa wa Kasenga, katika nyumba ya udongo waliyoijenga kwa mikono yao. Waliishi na binti yao Generose, mwenye miaka tisa, na kaka yake mdogo, na Nkeshimana, mama yake Pontien.

Ilikuwa mwaka 1966. Waasi walikuwa wameondoka mjini miaka miwili nyuma, lakini wengine walikuwa bado milimani. Kila asubuhi Capitoline alifagia uwanja, akawapikia watoto uji, kisha akaenda katika shamba lake la mihogo nyuma ya nyumba. Pontien alipiga viatu rangi na kwenda kazini. Mara nyingi alipelekwa bondeni na wenzake kulinda barabara ya Bukavu. Huko alikaa majuma mengi bila kurudi.

Siku moja alirudi mapema, akicheka peke yake.

"Mama Generose, kaa chini," alisema. "Komanda ametengeneza nyumba kumi za kambi zilizoharibika wakati wa vita. Jina langu iko kwa liste. Nyumba ya matofali, na manjanja juu."

Manjanja ni mabati. Katika mtaa wao, nyumba za manjanja zilikuwa chache.

"Wanataka jibu lini?" Capitoline aliuliza.

"Siku ya posho, juma yenye inakuya. Na hii parseli tutaiuzisha. Nimesha kuahidi jirani Sibomana."

Parseli ilikuwa kiwanja chao chote, nyumba pamoja na shamba. Capitoline aliendelea kuchagua mchanga katika ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Bibi Nkeshimana, aliyekuwa ameketi mlangoni, aliinua kichwa.

"Na minye nitakaa wapi?" aliuliza.

Pontien alikuwa amehesabu mke na watoto tu. Hakuwa amefikiri jambo hilo.

Baada ya kula, mume na mke walizungumza. Pontien alisema, "Wakati niko mu bonde, usingizi haikuye. Minawaza nyinyi hapa peke yenu. Unakumbuka wakati waasi walishika muji?"

Capitoline alikumbuka. Siku ile alizika koti la jeshi la mume wake chini ya jiko. Kisha alitembea na watoto hadi mpaka wa Burundi, akisema kwa kila aliyemuuliza kwamba mume wake ni mkulima. Hakupenda kusimulia habari ile.

"Minakumbuka," alisema. "Lakini hii nyumba tulijenga sisi. Hii shamba inatukulisha. Kambi sijaijua."

Basi walilala bila kupatana.

Kesho yake Generose alirudi kutoka masomoni akitembea haraka. "Mama, kuko muntu alinisimamisha kwa njia," alisema. "Aliniuliza baba anarudi siku gani, na analala wapi."

"Ulimujibu nini?"

"Nilisema sijui."

"Ulifanya vizuri," Capitoline alisema. Lakini alijua kwamba waasi wa milimani waliwatafuta askari kwa njia hiyo. Sasa aliona kwamba hofu ya mume wake haikuwa maneno matupu. Hata hivyo mashaka yake kuhusu kambi yalikuwa palepale.

Mtaani kulikuwa na foyer, nyumba ambapo wanawake walijifunza kushona, kusoma na kutunza watoto. Mwalimu wao, yaani monitrice, aliitwa Apolline. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo. Capitoline alimkuta akikata kitambaa, akamweleza mambo yote.

"Baba Generose anataka niseme ndiyo," alisema. "Moyo wangu inasema hapana. Sasa mutoto analeta hii habari. Monitrice, weye ungefanya nini?"

Apolline aliweka makasi mezani. "Usiseme ndiyo, na usiseme hapana," alijibu. "Muntu hahamie mu maneno. Anahamia mu nyumba. Kwanza uende uione. Uone maji, uone choo, uone njia ya masomo. Uulize nani ana ruhusa ya kukaa mule. Lakini mbele ya kuona nyumba, uone muntu mwenye alitoka mule. Leo mangaribi tutaenda kwa Ernestine."

Ernestine alikuwa mjane. Alikaa na watoto watatu katika chumba kimoja huko Mulongwe. Mume wake alikuwa sajenti, akafa katika mapigano karibu na Mutarule. Aliwapa wageni mkeka, akawaeleza bila kulia.

"Nyumba ya kambi ni nzuri," alisema. "Nilikaa mule miaka tatu. Lakini haikuwa yangu. Haikuwa hata ya mume wangu. Ni ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba inaisha. Walinipa miezi mbili nitoke. Na sisi tulikuwa tumeuzisha parseli yetu siku ya kuingia kambini."

"Na malipo ya mjane?" Capitoline aliuliza.

"Minangojea. Tulioana kwa padri tu. Hatukuenda kuandikisha ndoa kwa biro ya serikali. Ndani ya karatasi za jeshi, mume wangu alikuwa muntu bila muke."

Walirudi kwa miguu. Walipofika kwenye daraja, Apolline aliuliza kama ndoa yake iliandikwa. Capitoline alitikisa kichwa. Haikuandikwa.

Usiku huo alimweleza Pontien yote aliyosikia kwa Ernestine. Pontien alimjua yule sajenti. Kesho yake asubuhi, kabla ya kazi, alikwenda na mke wake kwenye biro ya serikali. Karani aliandika ndoa yao na majina ya watoto wote wawili katika kitabu kidogo, akapiga muhuri. Pontien alikitia kitabu katika mfuko wa shati. Capitoline alinyoosha mkono. Basi Pontien akampa, na Capitoline akakifunga ndani ya kitenge chake.

Siku ya Alhamisi walikwenda kambini, Pontien, Capitoline na Apolline. Aliyewapokea ni ajida Herménégilde Habonimana, mkubwa wa nyumba za kambi. Alikuwa mzee wa jeshi. Alizoea kuamuru, hakuzoea kuulizwa.

Nyumba ilikuwa ya matofali kweli. Ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Pontien aligonga ukuta kwa kiganja, akafurahi. Capitoline alitazama juu, akatazama madirisha, kisha akatoka nje.

"Mukubwa, maji iko wapi?" aliuliza.

"Robine ya maji ilivunjika wakati wa vita. Wanawake wanachota kwa ziwa, pale chini."

"Na choo?"

Ajida alionyesha vibanda viwili. Vilikuwa juu kidogo ya mahali pale pa kuchota maji. Udongo kati ya vibanda na ziwa ulikuwa mweusi na wenye maji.

"Choo mbili kwa nyumba ngapi?"

"Nyumba kumi na moja, pamoja na yangu."

"Mama mukwe wangu anaweza kukaa na sisi?"

"Nyumba ni ya muke na watoto."

"Na mume wangu akipelekwa pengine, ama akifa, tutabaki siku ngapi?"

Ajida alikunja uso. Hakumtazama Capitoline, alimtazama mume wake. "Kaporali," alisema, "muke wako anauliza sana."

Askari wawili waliokuwa wakipita walisimama kusikiliza. Pontien alinyoosha mikono kando ya suruali, kama askari mbele ya mkubwa. Capitoline aliogopa kwamba amemwaibisha.

"Ndiyo, mukubwa," Pontien alisema. "Anauliza sana. Minye sikuuliza kitu. Nilitazama manjanja tu."

Ajida aliwafukuza wale askari wawili kwa mkono. Kisha alivua kofia, akajifuta jasho. Sauti yake ilishuka.

"Mama," alimwambia Capitoline, "wakati wa kuondoka ni miezi mbili. Iko kwa sheria ya kambi. Kwa mama mukwe, kaporali aandike barua ya kusema ni yeye anamulisha mama yake. Komanda anaweza kuruhusu. Hakuna mwenye amesha kuandika, kwa sababu hakuna mwenye aliuliza. Lakini kwa choo, sina watu. Askari wengi wako mu bonde. Niko na mapawa ya kutolea udongo, na majembe tu."

"Hii maji itaua watoto," Apolline alisema polepole. "Uchafu wa choo unashuka kwa ziwa. Kisha mama anachota, mutoto anakunywa, anahara damu. Choo ichimbwe mbali na maji, upande ule mwingine wa kambi, na iwe na kifuniko. Maji ya kunywa ichotwe kule juu kwa kijito, ichemshwe mpaka itokote."

"Nani atachimba?" ajida aliuliza.

"Utupe majembe," Capitoline alisema. "Wanawake wa hizi nyumba wanalima mashamba. Udongo tunaijua."

Walipofika nyumbani, familia yote ilikaa pamoja. Pontien alimwuliza mama yake kwanza. Bibi Nkeshimana alisema atakwenda kama barua itajibiwa. Kisha Pontien alimgeukia mke wake.

"Sasa weye unasema nini?"

"Ninasema twende," Capitoline alijibu. "Kwa sababu ya yule muntu wa njiani. Kule Generose atatembea na watoto wengine, na walinzi wako. Lakini hii parseli hatuuzishe. Siku ya kutoka kambini, tutakuwa na mahali. Na minye nitakuja kulima hapa kila juma."

"Na nyumba ikae tupu? Watavunja mulango."

"Ernestine akae ndani na watoto wake. Atatulindia, na atalima nusu ya shamba. Tuandike karatasi, kila muntu ajue parseli ni yetu, na yeye anakaa kwa ruhusa yetu."

Pontien alifikiri. "Nitaenda kumwambia Sibomana kwamba nilisema haraka," alisema. Hilo lilikuwa gumu kwake, kwa kuwa alikuwa mtu wa neno lake. Lakini alikwenda usiku uleule. Sibomana alinung'unika kidogo, kisha akamkaribisha kula.

Siku ya posho Pontien alipeleka jibu lake pamoja na barua. Komanda aliruhusu mama yake aingie. Walihamia juma lililofuata.

Siku tatu baadaye Capitoline alichukua jembe, akaanza kuchimba mahali alipoonyeshwa na Apolline. Siku ya kwanza walikuwa wanawake wanne. Siku ya pili walikuwa tisa. Askari wachache waliokuwa zamu waliwacheka, wakawaita kikosi cha vitenge. Siku ya tatu, mmoja wao aliona shimo limefika mabegani mwa wanawake. Akavua shati, akashuka ndani. Wenzake wakamfuata. Siku ya sita kambi ilikuwa na vyoo vinne vipya vyenye vifuniko, na vile viwili vya zamani vilifukiwa. Wanawake walipatana kwamba hakuna atakayempa mtoto maji yasiyochemshwa. Bibi Nkeshimana alijipa kazi ya kupita jikoni kila asubuhi na kutazama masufuria. Hakuna aliyethubutu kumdanganya.

Mvua zilipoanza, ugonjwa wa kuhara damu ulipita katika mitaa ya kando ya ziwa. Watu walizika watoto. Kambini watoto wawili waliugua, wakapelekwa dispanseri mapema, wakapona. Hakuna nyumba ya kambi iliyolia mwaka ule.

Pontien alipelekwa bondeni miezi mitatu. Aliporudi, alikuwa amenona kidogo. Alisema ni kwa sababu alilala. Yule mtu wa njiani hakuonekana tena. Huko Kasenga, Ernestine alitengeneza paa na kuvuna mihogo, na kwa msaada wa Apolline aliandika barua ya kudai malipo yake. Padri na majirani wawili walitoa ushahidi kwamba alikuwa mke wa yule sajenti. Mwaka uliofuata jina lake liliingia katika karatasi za jeshi.

Mwezi wa tatu wa mwaka huo, nyumba nyingine sita zilikuwa tayari, na familia sita za askari zilifika kutoka Bukavu. Wanawake walisimama uwanjani na mizigo yao na kuku wao, wakitazama matofali na manjanja. Ajida Habonimana alitoka na daftari yake. Waume walisogea kutia sahihi. Ajida alifunga daftari.

"Ngojeni," alisema. "Hapa kwetu, mbele ya kutia mukono, munaonyeshwa nyumba kwanza. Muitie mama Generose."

Capitoline alikuja akifuta mikono kwenye kitenge. Aliwasalimia mmoja mmoja na kuwauliza safari. Kisha aliwapeleka kwenye nyumba ya mwisho, na akaanza na ubaya wake.

"Hii kona inavuja," aliwaambia. "Ajida aitengeneze mbele hamujaingia. Kule kwa ziwa, hapana kuchota maji ya kunywa. Weye mama, ndoa yenu iliandikwa kwa biro? Hapana? Basi kesho tutaenda pamoja. Na parseli yenu ya Bukavu, mumeiuzisha?"

Mwanamke mmoja alisema bado.

"Musiiuzishe," Capitoline alisema.

Pontien alikuwa amesimama upande wa pili wa uwanja pamoja na askari mgeni. Yule mgeni alikuwa akimtazama yule mwanamke aliyepita mbele, na ajida mzima akimfuata nyuma na daftari, akiandika.

"Yule ni nani?" aliuliza. "Ni muke wa komanda?"

Pontien alisimama wima. "Hapana," alijibu. "Ni muke wangu."