Kilima ni Kikali Kiasi Gani?

Mikumi huamshwa na malori. Yaliyolala kando ya barabara kuu huanza kunguruma kabla jua halijachomoza, na madereva wanatafuta chai. Loveth anawajua vizuri. Anapanga vitumbua kwenye beseni, anafunika, anatoka. Mumewe, Ditram, hubaki nyumbani akipiga viatu brashi. Yeye mtaji wake ni miguu. Anawatembeza wageni wa nyumba ya kulala wageni ya Bwana Evance.

Wageni wengi hupanda gari kwenda hifadhini kuona wanyama. Wachache hupenda kutembea, na hao ndio wa Ditram. Anawapandisha kilima kilicho upande wa Zombo. Ukifika juu unaona mashamba yote yametandikwa chini yako. Kiingereza chake alianza kukisoma shuleni, kingine akakiokota kwa wageni wenyewe. Kilitosha kazi.

Lakini Ditram alikuwa na desturi moja. Si yeye peke yake, wilaya yetu nzima ya Kilosa tunayo. Ukimkuta mtu njiani ana mzigo kichwani, akakuuliza, "Bado mbali?" utamjibu, "Aa, hapo tu! Umeshafika." Kumbe bado kuna mto wa kuvuka na mlima wa kupanda. Kwetu huo si uongo. Ni kumtia mtu nguvu. Nani ana roho ngumu ya kumwambia mchovu kwamba bado sana?

Basi siku moja alikuja mama wa Kiholanzi, jina lake Anneke. Mtu mzima, mcheshi, goti moja limefungwa bendeji. Alikitazama kile kilima kwa mbali, akamgeukia Ditram.

"Is it steep?" akauliza. Yaani, kilima kile ni kikali?

Ditram akatabasamu, akajibu kama alivyolelewa. "A little steep, Mama. Only a little." Kikali kidogo tu.

"And is it far?"

"No, no! Just there." Hapo tu.

Mama wa watu akaamini. Akachukua chupa moja ndogo ya maji, wakaondoka.

Mpaka jua linafika utosini, chupa ilikuwa tupu na goti limevimba. Mama Anneke alikaa juu ya jiwe, uso mwekundu, pumzi zinamkatika. Kupanda hawezi, kushuka hawezi.

"Ditram," alisema kwa sauti ndogo, "is this a little?"

Ditram aliteremka mbio mpaka akamkuta mfugaji mmoja, Sempele, akichunga ng'ombe chini ya kilima. Sempele hakuuliza maswali mengi. Aliwaita ndugu zake, wakafunga mashuka kwenye fimbo, wakapata machela. Walimpa mama maji, wakamshusha polepole. Mungu mkubwa, alifika chini salama.

Jioni Bwana Evance alimwita Ditram ofisini.

"Mama yule hajakasirika kwa sababu ya goti," alisema. "Amekasirika kwa sababu alikuuliza, wewe hukumjibu."

"Nilimjibu, bosi."

"Ulimbembeleza. Jumamosi wanakuja wageni wengine. Likitokea tena kama hili, Ditram, utafute kazi nyingine. Sitaki mtu afie mlimani."

Nyumbani Ditram hakugusa chakula. Alimweleza mkewe kila kitu, na aibu ilimjaa mpaka akashindwa kumtazama.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," Loveth alimwambia. "Inuka. Twende kwa Mwalimu Naomi."

Mwalimu Naomi ni jirani yao. Anafundisha Kiingereza shule ya sekondari, na darasani kwake hakuna anayesinzia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibuni, kaeni. Chai ndiyo kwanza imetoka jikoni."

Ditram alieleza shida yake. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamsogezea kikombe.

"Haya, niambie kwa Kiingereza chai hii ni ya moto."

"The tea is hot."

"Sasa sema ni ya moto sana."

"The tea is hot very."

Mwalimu akacheka. "Hapo umevaa shati nyuma mbele! Sisi 'sana' yetu inafuata nyuma: ya moto sana. Wenzetu 'very' yao inatangulia. Very hot."

"The tea is very hot."

"Safi. Sasa tupande ngazi. Chai ikiwa ya moto kidogo, unasema 'a bit hot' au 'a little hot'. Unakunywa bila wasiwasi. Ikizidi hapo, yaani ni ya moto kiasi cha kutosha, unasema 'quite hot'. Ikizidi tena, 'very hot'. Hapo unakunywa kwa tahadhari. Maneno haya yote yanakaa mbele ya sifa. Sifa yenyewe haibadiliki. Ukitaka kusema juu ya kilima, unaiweka 'steep' mahali pa 'hot', basi."

"Quite steep," alijaribu Ditram. "Very steep."

"Umeona? Sasa jihadhari na 'too'."

"Too si ndiyo very yenye nguvu zaidi?"

"Wengi wanadhani hivyo. Wanamsifia mgeni chakula: too delicious! Mgeni anajiuliza kimeharibika nini. 'Too' maana yake imepita kiasi, haifai tena. Chai ikiwa 'too hot' hainyweki."

Loveth akadakia. "Lakini Mwalimu, chai inayomshinda mtoto, baba yake anainywa tu."

"Hilo ndilo jambo kubwa, mwanangu! 'Too' haipimi chai peke yake. Inampima na mnywaji. Kwa hiyo tunataja na mtu: too hot for the child. Kwa baba ni sawa."

Ditram alikuwa ameinamisha kichwa. "Mwalimu, nisikudanganye. 'Very' nilikuwa naijua, ingawa nilikuwa naiweka nyuma. Siku ile ningeweza kuitumia. Ila nilimwona mama wa watu ana hamu ya kupanda. Nikaona nikimwambia ni kikali sana, nitamvunja moyo."

"Hapo ndipo penye kidonda," alisema Mwalimu Naomi. "Shangazi yako akitoka shamba Zombo, ukamwambia 'hapo tu', anajua unamtia moyo. Njia anaijua kuliko wewe. Mgeni haijui. Anakuuliza ili apange. Abebe maji kiasi gani? Avae viatu gani? Aende, au abaki? Ukimpa 'a little', anabeba maji ya 'a little'. Kwa mgeni, kumpa kipimo cha kweli ndiyo kumhurumia."

Siku zilizobaki Ditram alifanya mazoezi kwa kila alichokutana nacho. Beseni la mkewe lilikuwa quite heavy, zito kiasi. Barabara ilikuwa very noisy, kelele nyingi. Loveth alichoka, akamwambia, "Na wewe mume wangu umekuwa too much." Wakacheka wote wawili, kicheko cha kwanza tangu siku ile ya kilima.

Jumamosi ikafika. Wageni walikuwa wawili, mzee wa Kikanada aitwaye Howard na binti yake. Mzee alikuwa mrefu, mwembamba, kofia mpya kichwani. Bwana Evance alisimama mlangoni, amekunja mikono.

Mzee akakinyooshea kilima kidole. "Is it steep?"

Ditram alihisi jibu la zamani likimpanda kooni. Watu hawa walikuwa wamekuja kwa ajili ya kilima. Wakighairi, bosi atasemaje? Akamtazama mzee, akaona anavyoshikilia nguzo ya baraza kwa kusimama tu.

"It is very steep, sir," alisema. Kikali sana. "For your daughter, it is okay. For you, I think it is too steep."

Yaani binti anakiweza, ila mzee kinamzidi. Bwana Evance akakunjua mikono. Mzee alimkodolea macho Ditram kana kwamba ametukanwa.

Ditram akaendelea haraka. "But in Tindiga there are rice fields. The path is quite flat. A bit muddy, but you can rest anywhere." Kwamba Tindiga kuna mashamba ya mpunga, njia ni tambarare, tope kidogo, na mtu anapumzika popote.

Binti akamshika baba yake mkono. "Dad, let's see the rice."

Wakaenda Tindiga kwa gari lao. Walitembea polepole kwenye majaruba, wakawatazama wakulima wakipalilia, wakasalimiana nao kwa Kiswahili cha kuvunjikavunjika. Mzee alipumzika kila alipotaka. Alirudi na tope mpaka magotini, anacheka.

Waliporudi, alimwomba Ditram akae naye barazani. Alizungumza Kiingereza taratibu, na binti yake akisikiliza.

"Daktari wangu alinikataza milima," alisema. "Moyo wangu ni mgonjwa. Binti yangu sikumwambia, nisije nikamharibia safari. Nilijiambia, nitamuuliza mwenyeji. Akisema ni kidogo tu, ninapanda."

Binti aliziba mdomo kwa viganja, akaanza kulia. Kisha akasimama, akamkumbatia Ditram mbele ya watu wote.

Ditram alikaa chini kwenye ngazi. Bwana Evance akaja, akamgusa bega. "Jumatatu kuna wengine," alisema. "Nitawaambia wakuulize wewe."

Ditram akatoa simu, akampigia mkewe.

"Vipi huko?" Loveth aliuliza kwa wasiwasi. "Wageni wamepanda?"

"Hawajapanda. Nimewaambia ukweli."

"Na kazi?"

"Kazi ipo, mke wangu," alisema Ditram, na machozi yakamtoka. "Na mzee wa watu yuko hapa, mzima, anakunywa chai."