Roboti Iliyosema Maneno Yangu

"Taratibu mama, usikimbie. Nipo, siondoki."

Aliyesema hivyo si mimi. Mimi nilikuwa chumbani nakunja nguo. Iliyosema ni roboti ya kampuni yetu, sanduku jeupe lenye magurudumu sita, limesimama nje ya mlango wa mama yangu likiwa limebeba dawa zake.

Mama alijikongoja na magoti yake mabovu hadi mlangoni, akapokea dawa, akarudi anacheka.

"Mwanangu, hii ya sasa wameifundisha adabu. Ile ya mwanzo ilikuwa inautupa mzigo getini, halafu inanitumia ujumbe kwamba umeshafika. Hii imenisubiri. Inaongea kama wewe vile."

"Mama, hayo ni maneno yangu."

Miaka saba napeleka vifurushi kwenye mitaa hii. Najua mlango upi unabishwa kwa ncha ya kidole kwa sababu ndani kuna kichanga, na upi lazima uzunguke dirisha la jikoni kwa sababu mwenyewe hasikii vizuri. Mambo hayo sijawahi kuyaandika popote. Niliyemsimulia ni mtu mmoja tu, mchumba wangu, mhandisi wa roboti wa kampuni hiyohiyo, ambaye tulikuwa tumebakiza wiki tatu tufunge naye ndoa. Na asubuhi ya siku hiyo wapeleka vifurushi wote, thelathini na wawili, tulikuwa tumekabidhiwa barua: mwisho wa mwezi roboti zinachukua milango yote, sisi tukae nyumbani.

Nikampigia.

"Fundi, roboti yenu imekuja kwa mama."

"Enhe, imefanya vizuri?"

"Imemwambia maneno yangu. Neno kwa neno."

Akashusha sauti.

"Kipenzi, hayo ni maneno ya kawaida. Mtu yeyote anaweza kuyasema."

"Zile sauti nilizokuwa nakutumia kila jioni, umezipeleka wapi?"

"Niko kikaoni, tutaongea nikitoka."

"Umeziingiza kwenye roboti?"

"Nimefanya kwa ajili yetu. Nikipanda cheo, wewe kubeba maboksi tena kwa nini?"

Akakata. Dakika hiyohiyo ukaingia ujumbe: "Tafadhali usije ofisini leo. Mkurugenzi yupo. Nakupenda sana."

Nikavaa viatu.

Niliwakuta ghorofa ya tatu, chumba chenye kuta za vioo, roboti zimepangwa ukutani. Mkurugenzi, mama wa makamo mwenye miwani juu ya paji la uso, alikuwa amekaa na wasaidizi wawili. Mchumba wangu alisimama mbele ya skrini iliyoandikwa "Utafiti wa Milango", na chini yake jina lake peke yake.

"Karibu. Wewe ni nani?" mkurugenzi akaniuliza.

Sikuwahi kujibu. Mwenzangu alinitangulia.

"Ni mmoja wa wapeleka vifurushi, bosi. Nadhani amekuja kwa habari ya zile barua. Ngoja nimwelekeze chini."

"Unamfahamu?"

"Kwa sura tu."

Kwa sura tu. Mtu aliyekula kwetu kila Jumapili kwa miaka miwili, aliyeleta wazee wake wakae kwenye viti vya mama yangu kuniposa. Hasira zilinipanda hadi masikio yakawaka moto. Lakini nilijua nikipiga kelele nitatolewa na mlinzi, na wenzangu watabaki na barua zao.

"Bosi, kabla sijaelekezwa chini, naomba niulize kitu kimoja," nikasema. "Nyumba namba kumi na nne, mlango wa kahawia. Roboti ikifika pale inafanya nini?"

Mkurugenzi alishusha miwani machoni.

"Inaimba wimbo wa siku ya kuzaliwa. Mwenye nyumba ameshalalamika mara tatu. Mhandisi anasema utafiti ulionyesha kwamba anapenda kuimbiwa."

"Yule mzee hapendi hata kusalimiwa. Huo ulikuwa utani. Nilimtania mchumba wangu jioni moja, akacheka, nikacheka. Kumbe mwenzangu yuko kazini."

"Mchumba wako ni nani?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Kisha nikafungua simu, nikaiacha iseme yenyewe. Ikatoka sauti yake, laini kabisa: "Kipenzi, leo hujanisimulia milango yako. Nisimulie hata mmoja, nikusikie tu." Ikafuata yangu, naeleza mzee wa namba kumi na nne anavyopenda nyimbo, huku nikicheka hadi pumzi zinakatika.

Mwanamume wa watu akawa mdogo kama kidonge cha piritoni.

"Umeniambia unamfahamu kwa sura," mkurugenzi akamwambia.

"Sikutaka kuchanganya kazi na mambo ya nyumbani, bosi."

"Ulishayachanganya," nikamjibu mimi. "Mimi ndiye niliyekuwa sijui kama niko kazini."

Mkurugenzi hakutaka ugomvi wetu. Alinigeukia.

"Kwenye mfumo kuna milango mia tatu. Jumatatu wanakuja wanunuzi kuutazama. Kuna utani mwingine humo ndani?"

"Upo."

"Milango ipi?"

"Muulize mhandisi. Kama alikuwa ananisikiliza, atajua ni wapi nilikuwa natania."

Mchumba wangu akageukia skrini, akaanza kupekua orodha ya milango. Hakujua. Alikuwa anazigeuza sauti zangu kuwa maandishi usiku uleule, sauti zenyewe anazifuta, na maandishi hayana kicheko.

"Unataka nini?" mkurugenzi akauliza.

"Barua zote thelathini na mbili zifutwe. Roboti ibebe mzigo na kupanda ngazi, lakini kila mtaa ubaki na mpeleka vifurushi wake, yeye ndiye aseme mlango huu unaendewaje. Na hapo kwenye skrini yakae majina yetu."

Alibishana nami saa nzima, akamwita mwanasheria, akabishana tena. Mwishowe akasaini, karatasi ikagongwa muhuri, nami nikaipiga picha na kuwatumia wenzangu wote na mama papo hapo. Mhandisi aliondolewa kwenye mradi. Nilimkuta koridoni, kaegemea ukuta.

"Kipenzi, nimekwisha."

"Ulinikana mbele yangu."

"Niliogopa. Naapa niliogopa tu. Nisamehe, tafadhali, kadi zimeshagawiwa, wazee wangu nitawaambia nini?" Alikuwa analia. "Niambie kitu kimoja. Kuna utani mwingine kiasi gani?"

Nilimtazama. Niseme ukweli, nilikuwa bado nampenda, na hilo ndilo lililoniuma kuliko hata barua. Nikaamua kumpa nafasi moja.

"Hakuna. Ni ule mmoja. Milango mingine yote ni kweli tupu."

"Kwa hiyo bosi amesaini..."

"Amesaini kwa sababu hajui. Tunaojua ni mimi na wewe. Harusi sijaivunja bado, ndiyo maana nimekwambia."

Alinishika mikono yote miwili.

"Asante kwa kuniamini tena. Hutajuta."

Nikaenda bombani kunawa uso, maana macho yalikuwa yamevimba. Niliporudi, koridoni hapakuwa na mtu. Mlango wa mkurugenzi ulikuwa wazi nusu, na ndani nikaisikia sauti ileile laini.

"Ni utani mmoja tu, bosi. Ameniambia mwenyewe. Karatasi ile unaweza kuivunja, na mimi nikaendelea na mradi."

"Amekwambia saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, hapo nje."

Nikasikia kiti cha mkurugenzi kikisogea.

"Kijana, sahihi yangu siifuti. Na wewe sikutaki hata kwenye mradi mwingine. Toka, ufunge mlango."

Nilishuka ngazi na karatasi yangu mkononi. Chini kabisa nikampigia mama.

"Mama, wapigie watu wa ukumbi. Waambie hatuji."

"Kuna nini tena, mwanangu? Si umeniambia barua zimefutwa?"

"Zimefutwa. Ila mkweo nimempa siri moja aniwekee, mama. Hata dakika tano haikumaliza."