Jina Kwenye Pua ya Ndege

Siku ya tatu ya kurekodi filamu yake ya marubani wa vita, Corinne alivua hedifoni akamtazama mwenye nyumba.

"Bibi Ardis, ni wewe uliyekuwa unaimba?"

"Mimi? Sijafungua mdomo."

Corinne alikuwa na desturi ya kazi. Kabla ya kumhoji rubani yeyote, aliwataka wote wanyamaze dakika nzima arekodi ukimya wa chumba, apate wa kuzibia mahali atakapokata sauti. Siku mbili za kwanza ukimya ulikuwa ukimya. Siku hiyo mwanamke aliimba kwa midomo iliyofungwa, karibu kabisa na kinasa sauti kilichobanwa kwenye kola ya Mzee Lowell.

"Labda redio ya jirani," alisema Ardis. Jirani wa karibu alikuwa ng'ambo ya mashamba mawili ya mahindi.

Lowell Brandvold alikuwa na miaka tisini na tisa, rubani wa mwisho aliye hai katika kikosi chake. Katika miaka hamsini na mmoja ya ndoa alikuwa amemwambia Ardis jambo moja tu kuhusu vita: chakula kilikuwa kibaya. Sasa, mbele ya Corinne, msichana kutoka mji wa Duluth, maneno yalimtoka kama bomba lililopasuka. Ardis alikuwa jikoni akikata keki, masikio yote sebuleni.

"Injini ilizimika juu ya Ujerumani," alisema Lowell. "Nikaongea na Maxine."

"Maxine ni nani?"

"Yule niliyemchora kwenye pua ya ndege. Wa kubuni tu, kila rubani alikuwa na wake. Nikamwambia, nirudishe salama, sitakuwa na mwingine. Injini ikawaka."

Corinne akacheka kidogo. Lowell hakucheka. Jikoni kulinuka petroli, na ndani ya petroli, poda ya usoni ambayo haikuwa ya Ardis.

Walipobaki wawili, Ardis alisema, "Hukuwahi kuniambia habari za Maxine."

"Hukuuliza."

"Ningemuulizia vipi mtu nisiyemjua? Yeye kaahidiwa maisha. Mimi hata kutolewa takataka sijaahidiwa."

"Punguza sauti," Lowell alinong'ona, akiutazama mlango wa chumba cha kulala.

Kesho yake Ardis aliendesha gari hadi banda la ndege la makumbusho. Gus Petrak, fundi wa pale, alikuwa ameipaka ndege moja rangi za kikosi cha Lowell kwa ajili ya siku ya mwisho ya filamu. Kwenye pua aliketi mwanamke wa gauni jekundu, na chini yake jina lake.

"Futa Maxine," alisema Ardis. "Andika Ardis."

"Mama, jina la ndege halifutwi. Baba yangu alikuwa fundi wao kule vitani. Aliona rubani akigoma kupanda kwa sababu ya herufi moja iliyobadilishwa."

"Lowell hapandi, anapigwa picha tu. Mkewe ni nani, Gus?"

"Ni wewe."

"Basi paka."

Jumamosi mchana walimleta Lowell kwa kiti cha magurudumu. Corinne aliomba ukimya wake, na katika dakika ile wimbo haukusikika, ila harufu ya petroli ilijaa banda zima ingawa tangi lilikuwa kavu, na panga boi la ndege likajisogeza taratibu bila injini wala upepo, likapita mara moja, likapita mara ya pili, hadi likasimama ncha yake ikimwelekea Ardis kifuani.

Kisha Lowell akalisoma jina la Ardis kwenye pua, akauliza, "Ndege ya nani hii?"

Vita vilikuwa vimemtoka kichwani. Daktari hakuona tatizo. Lowell alimjua Ardis, alimwita kutwa, lakini aliacha kula, na kila asubuhi alipapasa shuka pembeni yake. "Ardis, nimepoteza nini? Nisaidie kutafuta." Siku ya kumi hakuweza kuinuka.

Kuna jini la namna hiyo: hupenda mtu mmoja, na halitaki mshirika. Ardis hakuwa na jina la kuliita. Alijua tu kwamba limeshika roho ya mumewe kama mtu aliyeshika koo.

Alirudi bandani. Gus alimkabidhi brashi. Ardis alilifuta jina lake kwa mkono wake mwenyewe, akapaka herufi za yule mwingine.

"Mrudishe," alinong'ona. "Umeshinda."

Jioni ile Lowell alikula sahani mbili. Keshoye Corinne alipiga simu, akaongea na Lowell, akalia kwa furaha: mzee amekumbuka kila kitu, hata majina ya mbwa wa kambini. Filamu itakamilika. Alikuja akarekodi saa nne mfululizo, na mwisho akauliza swali la kufungia.

"Na baada ya vita, Mzee Lowell, ulioa?"

"Sikuoa," alisema. "Niliahidi."

Corinne alidhani ni utani. Ardis alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa. Lowell alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea nyumba.

"Asante, mama. Unafanya kazi hapa siku ngapi kwa wiki?"

Ardis aliliweka sinia mezani.

"Kila siku," Ardis akajibu.

Nyuma yake, chumbani kwao, mtu alianza kuimba kwa midomo iliyofungwa. Safari hii hakuna aliyehitaji hedifoni.